Mume wangu anatoa fungu la kumi kwenye mauzo ya genge, mtaji unakwisha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Nina genge la mboga: nyanya na karoti za Lushoto, vitunguu, hoho, na msimu wa machungwa nachukua ya Muheza. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Halewi, hanipigi, watoto anawapenda. Ugomvi wetu ni mmoja tu, lakini umefungwa na jina la Mungu, ndiyo maana hata kuusimulia naogopa.

Mwaka juzi tulihamia kanisa jipya. Huko kila familia inapewa kadi ya fungu la kumi yenye visanduku kumi na viwili, ukitoa unagongewa muhuri. Kila baada ya miezi mitatu wenye kadi zilizokamilika wanaitwa mbele kuombewa, sisi wengine tunabaki kwenye viti tunaangalia viatu vyetu. Tunafundishwa kwamba fungu la kumi linahesabiwa kwenye mshahara kabla ya makato, kwa sababu Mungu hapewi makombo ya serikali. Mshahara wa mume wangu kabla ya makato ni 780,000. Wakishakata kodi, pensheni, bima na mkopo wa benki, mkononi inafika 430,000. Anatoa 78,000. Ni mshahara wake, nikanyamaza.

Kisha akahamia kwenye genge. Jioni anafungua daftari langu, anajumlisha mauzo, anachukua sehemu ya kumi. Nikiuza 60,000 anachukua 6,000. Shangazi, katika hiyo 60,000, siku ikiwa nzuri sana faida yangu ni 9,000. Tenga la nyanya nanunua, guta nalipa, ushuru wa soko nalipa, na nyanya za chini ya tenga zinafika zimeshapondeka. Nikimweleza anasema Ibrahimu alitoa fungu la kumi la vitu vyote, hakuuliza faida.

Miezi miwili iliyopita nikakopa 400,000 kwenye kikundi chetu cha VICOBA nipanue genge. Siku hiyohiyo akatoa 40,000 akapeleka kanisani, eti ni mapato yameingia. Sasa marejesho yananishinda, na mhazini wetu ni jirani, kila asubuhi tunakutana bombani.

Nikaanza kuficha daftari. Wiki hiyo mtoto wangu wa mwisho akashikwa na malaria, tukalazwa. Mzee mmoja wa kanisa akaja wodini akatusomea Malaki sura ya tatu, kwamba tunamwibia Mungu ndiyo maana mlango umefunguka maradhi yakaingia. Alipoondoka, mume wangu hakunisemesha hadi usiku.

Mama yangu yuko Korogwe, ana presha, dawa zake nilikuwa nanunua mimi. Sijatuma kitu tangu mkopo ule. Mume anasema fungu la kumi haliguswi, la mama litafutwe kwingine. Kwingine wapi?

Dada yangu ameolewa na Mwislamu. Shemeji anasema kwao mtu wa mtaji kama wangu hata hajafikia kiwango cha kutoa zaka. Mwezi wa Ramadhani alinipa 100,000 niongeze mtaji. Mume wangu akataka 10,000 yake, halafu usiku akashtuka, akaniuliza kama pesa ya zaka ya Kiislamu inafaa kuingia kanisani.

Hili fungu la kumi lilitoka wapi? Nikipunguza nalaaniwa? Kanisa sitaki kuliacha, wala mume wangu.

Mama wa Genge, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

La malaria nalimaliza kwanza, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Malaria huenezwa na mbu, na mbu wa Tanga hawaulizi kadi ya mtu ina mihuri mingapi. Watoto wa waliojaza visanduku vyote wanalazwa wodi hiyohiyo. Huyo mzee aliyemsomea habari za wizi mama mwenye mtoto kwenye dripu, angebeba chupa ya uji angekuwa amehubiri vizuri zaidi.

Sasa ile 40,000. Mkopo si mapato, kwa hesabu ya duka wala ya madhabahu. Ile 400,000 ni hisa za akina mama wenzako, walioziweka kidogokidogo kwenye kisanduku wakitegemea zirudi. Alichopeleka mume wako kilikuwa cha kina mama wa kikundi. Mfalme Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa Arauna, mwenyewe alijitolea kumpa bure uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa. Alisema hatamtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha. Iko 2 Samweli 24, mwombe mume wako msome pamoja. Tena angalia na hili: ukilipa marejesho, unalipa kwa mauzo, na mauzo hayo yeye ameshayakata sehemu ya kumi. Kwa hiyo shilingi moja ya VICOBA inakatwa ikiingia, halafu inakatwa tena ikizunguka kwenye nyanya.

Umeuliza lilitoka wapi. Kutoa sehemu ya kumi hakukuwa kwa Waisraeli peke yao. Karne ya 6 kabla ya Kristo mahekalu ya Babeli, kama yale ya miji ya Uruk na Sippar, yalipokea sehemu ya kumi ya shayiri na tende, na Wagiriki walipeleka kwenye hekalu la Delphi sehemu ya kumi ya nyara za vita. Ni katika ulimwengu wa namna hiyo ndipo tunamkuta Ibrahimu wa mume wako, Mwanzo 14, akiwa bado anaitwa Abramu. Naye tumsome mpaka mwisho. Alikuwa anatoka vitani, amemfukuza Kedorlaoma na wenzake, amemwokoa mpwa wake Lutu na mali yote iliyotekwa. Njiani akakutana na Melkizedeki, mfalme wa Salemu na kuhani, akampa sehemu ya kumi ya nyara. Waraka kwa Waebrania sura ya 7 nao unataja nyara. Haisemwi popote kwamba alirudia mwezi uliofuata, wala kwamba alipima kondoo wake wa nyumbani. Na aya zinazofuata ndizo ningependa mwalimu azitie mstari: mali iliyobaki hakutaka hata uzi au kamba ya kiatu, akamrudishia mfalme wa Sodoma, ila akasema walichokula vijana kisihesabiwe, na wenzake Aneri, Eshkoli na Mamre wachukue sehemu yao. Ibrahimu alijua ya wenzake ni ya wenzake.

Yakobo naye aliahidi fungu la kumi kule Betheli, Mwanzo 28, lakini kwa masharti: Mungu akimpa chakula cha kula, nguo za kuvaa, na kumrudisha salama kwa baba yake.

Sheria yenyewe ilikuja na Musa, na hapo ndipo penye utamu ambao sijausikia mimbarini mara nyingi. Kitabu cha Walawi, sura ya 27, kinataja nafaka, matunda, na kila mnyama wa kumi anayepita chini ya fimbo ya mchungaji. Maana yake, kwa maneno yalivyo, mwenye ng'ombe tisa wa kumi hayupo. Aliyetaka kubaki na mazao yake alipe thamani aongeze sehemu ya tano. Kitabu cha Hesabu, sura ya 18, kinasema nani alipewa: Walawi, kwa sababu kabila lao halikupewa ardhi. Wenzao walirithi mashamba, wao walirithi kazi ya hema. Na wao wakatoa sehemu ya kumi ya walichopokea, ikaenda kwa makuhani. Nenda sasa Kumbukumbu la Torati 14. Mtu anaambiwa apeleke fungu la kumi la nafaka, divai na mafuta mahali Mungu atakapopachagua, na akifika huko alile yeye na watu wa nyumbani mwake. Kama njia ni ndefu, auze, afunge pesa mkononi, akifika anunue anachotamani, ng'ombe, kondoo, hata divai, wale wafurahi, wasimsahau Mlawi. Na kila mwaka wa tatu fungu hilo halisafiri. Linawekwa mjini kwao, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Walimu wa Kiyahudi baadaye walizihesabu hizi kuwa zaka tofauti, moja ya Walawi, nyingine ya kuliwa Yerusalemu, nyingine ya maskini, na mwaka wa saba ardhi ikipumzika hapakuwa na kutoa.

Unaona lilivyokuwa? Chakula, kilichoota shambani au kuzaliwa zizini, na waliokila wanajulikana kwa majina ya hali zao. Mjane mwenye presha wa Korogwe, kama mama yako ni mjane, alikuwa upande wa kupokea.

Malaki sasa. Sura ya tatu inasomwa kuanzia aya ya nane kana kwamba ya tano haipo. Katika ya tano Mungu anasema atawashuhudia vikali wanaomwonea mwajiriwa kwenye ujira wake, mjane, yatima na mgeni. Sura ya kwanza na ya pili zinawagombeza makuhani, waliokuwa wakikubali madhabahuni wanyama vilema na wagonjwa. Ndipo kinakuja kilio cha fungu la kumi liletwe ghalani. Lilikuwa ghala kweli, vyumba vya hekalu vyenye nafaka na mafuta. Nehemia 13 inaeleza shida ya aina hiyohiyo: Walawi na waimbaji hawakupewa posho yao, wakaacha hekalu wakarudi kulima. Nehemia akawakemea viongozi, na watu walipoanza kuleta tena aliteua watunza hazina wanne, kuhani mmoja, mwandishi mmoja, Mlawi mmoja na msaidizi wao, kwa sababu walijulikana kuwa waaminifu, na kazi yao ikawa kuwagawia ndugu zao. Kwa hiyo mkitaka kuishi Malaki, ishini na Nehemia pia: nani anatunza, nani anagawiwa. Hilo mna haki ya kuliuliza kanisani kwenu, kwa adabu, mkiwa wawili.

Yesu hakulitukana fungu la kumi. Aliwaambia Mafarisayo, Mathayo 23:23, kwamba wanapima mpaka mnanaa na bizari huku wameacha haki, rehema na imani, na walipaswa kufanya haya bila kuliacha lile. Lakini kwa shauri lako aya iliyo nzito zaidi ni Marko 7. Palikuwa na watu wanaomwambia mzazi, kile ambacho kingekusaidia nimekifanya Korbani, yaani nimekiweka wakfu kwa Mungu, basi sina la kukupa. Yesu aliita jambo hilo kutangua neno la Mungu. Mume wako anaposema fungu la kumi haliguswi na dawa za mkwe wake zitafutwe kwingine, sioni tofauti yoyote. Paulo naye, 2 Wakorintho 9:7, anasema kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Mihuri ya kadi na kuitwa mbele mimi naihesabu upande wa kulazimisha, wenye kanisa wanisamehe.

Historia ya baadaye sitairefusha. Mwaka 585 maaskofu waliokutana Mâcon, Ufaransa ya leo, waliamuru fungu la kumi litolewe na mkaidi atengwe na kanisa. Mwaka 779 mfalme Karolo Mkuu akalifanya sheria ya dola, na kwa karne nyingi mkulima wa Ulaya alidaiwa miganda yake shambani apende asipende, mpaka Wafaransa wakalifuta katika Mapinduzi ya 1789. Kwa hiyo yako makanisa yenye historia ndefu ambayo leo hayadai asilimia. Wakatoliki wanafundishwa kuchangia mahitaji ya Kanisa kila mmoja kadiri ya uwezo wake, Walutheri wetu wana ahadi zao kwenye bahasha, ila Wasabato wameshika sehemu ya kumi kwa utaratibu wa kanisa zima na kuielekeza kwa watumishi wa injili. Wote hao ni Wakristo wanaosoma Malaki hiyohiyo.

Shemeji yako amesema kweli. Katika Uislamu zaka ya mali inamhusu aliyefikisha nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, tena ikae kwake mwaka mzima, ndipo atoe asilimia 2.5. Genge lako halisogelei hapo. Mazao yana hesabu yake: yaliyonyweshwa na mvua ni sehemu ya kumi, yaliyonyweshwa kwa gharama ya mkulima ni nusu ya hiyo. Aliyehangaika kubeba maji anapunguziwa. Na wapokeaji wametajwa katika sura ya Tawba aya ya 60, makundi manane, mafukara na maskini wakitangulia na wenye madeni wakiwemo. Sikuambii ufuate dini ya shemeji. Nakuonyesha kwamba kupiga hesabu ya gharama kabla ya kutoa si ukafiri.

Turudi kwenye daftari. Mume wako ni mwalimu, hesabu hazimtishi. Usilifiche tena, kwa sababu ukilificha anayeonekana mwizi ni wewe. Chora safu tatu: mauzo, gharama za bidhaa pamoja na guta, ushuru na zilizooza, halafu faida. Fanya hivyo siku zako 26 za mwezi. Ukiuza 60,000 kila siku, mauzo ni 1,560,000, sehemu yake ya kumi ni 156,000. Faida yote, siku zote zikiwa nzuri, ni 234,000. Unabaki na 78,000 za kulisha watoto na kulipa kikundi. Sasa jumlisha nyumba nzima: mkononi mnapata 430,000 za mshahara na 234,000 za genge, jumla 664,000. Mnatoa 78,000 na 156,000, jumla 234,000. Faida yote ya genge imekwenda, na ni zaidi ya theluthi ya kinachoingia nyumbani. Mwache aisome mwenyewe kwenye karatasi, wewe kaa kimya. Wanaume wa chaki wanaamini zaidi wanachokisahihisha wenyewe.

Pesa ya tenga la kesho ni mbegu, haitolewi kumi. Sheria ilizungumzia kilichoota kutokana na mbegu. Kwenye faida ya 9,000, sehemu ya kumi ni 900, na hiyo kama umekubali moyoni toa kwa furaha, ila mimi ningengoja marejesho yaishe. Kuhusu mshahara, kabla au baada ya makato, Biblia haikuandika habari za makato na waumini wema wanatofautiana. Ni dhamiri yake. Lakini dhamiri hiyo ikae meza moja na ada, chakula na dawa za mama, isiwe imeshaondoka nyumbani kabla ninyi hamjakaa.

Chagua siku nzuri ya kumwambia, si Jumapili baada ya ibada na si siku ya mshahara. Anza na la mama yako, kwa sababu hilo hata mtu mgumu linamgusa, kisha la kikundi. Ile 40,000 airudishe yeye kutoka kwenye mshahara wake, hata kwa awamu mbili. Na wewe usingoje mhazini akuulize bombani. Nenda nyumbani kwake kabla ya siku ya kikao, mweleze umepungukiwa, omba muda kwa utaratibu wa katiba yenu, ulipe faini kama ipo. Vikundi vinawavumilia wanaosema mapema.

Mume akikataa hata baada ya hesabu, mwombe mwende kwa mchungaji pamoja, ukiwa na daftari mkononi, na umuulize mchungaji mbele ya mume wako: genge likifa, kanisa litalipa VICOBA? Wachungaji wengi ni watu wa kuelewa wakionyeshwa tarakimu, wanachohubiri kwa mkutano mzima hawakukipimia genge la mtu mmoja. Akisema endeleeni kukata mauzo, basi utakuwa umejua uko wapi, na hapo mtaji wako uutunze kwenye simu yako kwa namba ya siri isiyokuwa ya ndoa.

Ile 100,000 ya shemeji: kwa wanazuoni wengi wa Kiislamu, zaka ya faradhi huwalenga zaidi Waislamu wenzao, ila sadaka na zawadi hupewa mtu yeyote, kwa hiyo inaelekea alikupa kama dada wa mke wake. Kama mume wako bado ana wasiwasi amuulize mwenyewe, wanajuana. Ile 10,000 isiende popote, ijumlishwe na 90,000 zake, ukachukue vitunguu.